Elimu ya Sikio: Ufundi wa Magari Unguja na Maradhi ya Pampu ya Mafuta

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia kwenye ngoma, taarabu, mashairi, milango ya nakshi na mapishi ya sikukuu. Hayo yote ni hazina yetu, wala hatukusudii kuyapunguzia hadhi hata chembe. Sisi wenyewe tumelelewa katika ushairi. Lakini utamaduni ni jumla ya mambo ambayo watu wanayajua na wanayatenda ili waishi, na katika jumla hiyo imo kazi ya mikono. Muunda majahazi ni mtu wa utamaduni. Mhunzi ni mtu wa utamaduni. Kwa hoja hiyo hiyo, fundi wa magari aliyelala chali chini ya gari, mikono yake imejaa grisi, naye ni mtu wa utamaduni, ingawa hatujazoea kumwita hivyo na yeye mwenyewe hajazoea kujiona hivyo.

Ili tusizungumze mambo ya juu juu, tumechagua maradhi mamoja tu ya gari na kuyafanya dirisha la kuchungulia ufundi huo wote. Maradhi hayo ni kuharibika kwa pampu ya mafuta, na khasa katika magari yenye tabo. Tumeyachagua kwa sababu ni maradhi ya hila: hujificha, hufanana na mengine, na asiyeyajua humpotezea mwenye gari pesa zake kwa kubadilisha vyuma visivyo na kosa. Anayeyajua huyatambua kwa sikio, kwa pua, kwa ncha za vidole, na kwa mpango wa fikra alioupokea kutoka kwa mtu aliyemtangulia. Mpango huo wa fikra ndio tunaouita hapa utamaduni, na hoja yetu ni kwamba umo katika hatari ya kupotea kabla haujaandikwa.

Magari ya moto yalipoingia Unguja

Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Maana yake ni kwamba mtoto aliyekulia karibu na moto wa babake, hata kama hajaweza kushika nyundo, hushika mivukuto na kuupulizia moto hewa. Methali hii inatufunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba ufundi kwetu ulirithishwa kwa kukaa karibu na mwenye kujua. La pili ni kwamba wazee wetu walifahamu tangu zamani kuwa moto ukipewa hewa zaidi huwaka kwa nguvu zaidi, na kwamba moto wa namna hiyo hula makaa zaidi. Jambo hili la pili msomaji alishike vizuri, kwani tutalirejea.

Mnamo mwaka 1905 Unguja ilipata reli iliyotoka mjini karibu na Ngome Kongwe, ikapita Malindi na kuelekea kaskazini hadi Bububu, masafa ya kiasi cha maili 7. Gari la moshi lilipita katikati ya mitaa ya watu, na masikio ya watu wa mji yakaanza kuzoea mlio wa chuma kinachokwenda kwa moto. Mwaka huo huo, mbali na kwetu, mhandisi wa Kiswisi aitwaye Alfred Büchi aliandikisha uvumbuzi wake wa kuutumia moshi unaotoka katika injini kuzungusha feni ya kuiingizia injini hiyo hiyo hewa zaidi. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa tabo. Ulipita muda mrefu kabla ya chombo hicho kufika katika karakana zetu, lakini umri wake ni sawa na umri wa reli ya Bububu.

Reli yenyewe haikudumu sana. Ilipofika mwaka 1922 iliacha kuchukua abiria, na kazi hiyo ikashikwa na magari ya barabarani. Ndipo ulipoanza ufundi tunaouzungumzia. Chesisi na injini zililetwa kwa meli, lakini bodi ilijengwa hapa hapa kwa mbao na maseremala wetu, pamoja na mabao ya kukalia na paa la kupakilia mizigo. Gari la shamba la Unguja, lililochukua watu, ndizi, muhogo na samaki hadi soko la Darajani, lilikuwa nusu la kigeni na nusu la kwetu. Seremala alikuwa na mapokeo ya karne nyingi ya kutegemea. Fundi wa injini hakuwa na mapokeo hayo, ilimbidi ayaunde.

Pampu za magari ya siku hizo zilikuwa nyepesi kufahamika. Pampu ilifungwa ubavuni mwa injini, na ndani yake mlikuwa na kiwambo mfano wa kiwambo cha ngoma. Injini ilipozunguka, mkono mdogo wa chuma ulikivuta kiwambo kile, nacho kikanyonya petroli kutoka tangini. Ulipokiachia, springi ilikisukuma, na petroli ikaenda kwenye kabureta. Kiwambo kikipasuka, petroli huvuja nje au hudondokea kwenye oili ya injini, na fundi mwenye pua nzuri hujua kwa kukinusa kijiti cha kupimia oili. Hiyo ilikuwa elimu nzima ya pampu kwa miaka mingi: kiwambo, springi, na pua ya fundi.

Elimu hiyo ilipitishwa kwa njia ya uanagenzi. Kijana alipelekwa na mzazi wake kwa fundi kama alivyopelekwa chuoni kwa mwalimu. Alianza kwa kufagia, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kushika taa na kukabidhi spana. Alipokea mengi zaidi kwa macho na masikio kuliko kwa maneno. Katika kazi za mikono za asili, mwanagenzi aliyehitimu alimpa fundi wake kilemba, yaani zawadi ya shukrani, ndipo fundi akamtoa kwa radhi. Adabu hiyo ya kumheshimu aliyekufunza iliingia hata katika karakana za magari, na ndiyo iliyofanya ufundi uwe na nasaba.

Uhaba ulivyokuwa mwalimu

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, mji ulipanuka kwa kasi upande wa Ng'ambo. Uwanja wa Amani ulifunguliwa mwaka 1970, majumba makubwa ya Michenzani yakaanza kuinuka, na vitongoji vilivyokuwa mashamba vikawa mitaa. Pembezoni mwa barabara za mitaa hiyo, Amani ikiwa miongoni mwao, pakachomoza karakana zisizo na kuta: mti wa kivuli, meza ya mbao, sanduku la spana, na magari yanayosubiri zamu.

Kisha zikaja siku za uhaba. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla ulimwenguni, na mwaka 1979 ikapanda tena. Katika miaka ya 1978 na 1979 taifa letu lilikuwa katika vita vya Kagera. Bei ya karafuu, ambayo ndiyo iliyokuwa tegemeo la Visiwa, nayo ikaanguka katika miaka ya 1980. Fedha za kigeni zilikuwa haba na spea zikawa adimu. Sisi tuliokuwa watoto wakati huo tunakumbuka gari kusimama siku kadhaa likisubiri kifaa kisichozidi ukubwa wa kiganja.

Uhaba huo ulimtesa kila mtu, lakini kwa fundi ulikuwa mwalimu mkali. Hakuwa na nafasi ya kubadilisha kifaa kwa kukisia. Ilimlazimu ajue kwa yakini kilichokufa, kwa sababu alichokiharibu kwa kukifungua bure hakikuwa na badali. Pampu ilipokufa njiani, dumu la petroli lilifungwa juu ya bodi na mpira ukateremshwa hadi kwenye kabureta, gari likaenda kwa uzito wa mafuta yenyewe. Lilikuwa jambo la hatari, wala hatumshauri mtu alifanye. Lakini aliyelifanya alikuwa ameufahamu msingi wa mambo: kabureta haikuhitaji pampu, ilihitaji mafuta. Kutenganisha haja na chombo kinachoitimiza haja hiyo ndiyo mwanzo wa utambuzi wa maradhi yote.

Tabo ni mvukuto

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 masharti ya biashara yalilegezwa, na katika miaka iliyofuata magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi, mengine moja kwa moja na mengine kwa kupitia Dubai. Usukani wake uko kulia kama tunavyohitaji, na bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya gari jipya. Pamoja na magari hayo ikaja tabo. Marekani iliuza magari ya watu binafsi yenye tabo tangu mwaka 1962, na kampuni ya Saab ya Sweden ikaitangaza sana mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwetu ilifika kwa njia ya Subaru za petroli na Toyota za dizeli.

Hapa ndipo tunapoirejea methali ya mhunzi. Tabo ni mvukuto. Tofauti ni kwamba mvukuto wa mhunzi husukumwa na mkono wa mwanawe, na huu wa gari huzungushwa na moshi wa injini yenyewe, na feni yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa inayosukumwa ndani huzidi ile ambayo injini ingeivuta peke yake. Sasa, kilo 1 ya petroli huhitaji kiasi cha kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa ikizidi, petroli nayo haina budi kuzidi. Na injini ya tabo inapobeba mzigo huongezewa petroli hata kupita kipimo hicho, ili mafuta yasaidie kuipoza.

Mhunzi akivukuta bila ya kuongeza makaa, hasara yake ni kazi kulala. Injini ya petroli yenye tabo ikipulizwa bila ya mafuta ya kutosha, hasara yake ni kubwa mno: joto hupindukia, mchanganyiko hulipuka pasipo wakati wake, na pistoni huyeyuka au hutoboka. Kwa hivyo pampu dhaifu, ambayo katika gari la kawaida ingeleta uchovu tu, katika gari la tabo huweza kuiua injini nzima. Kwa mwenye teksi, au kwa familia iliyouza shamba ili inunue gari la biashara, huo ni msiba wa riziki.

Pampu ya magari haya nayo si ile ya kiwambo. Ni mota ndogo ya umeme iliyozamishwa ndani ya tangi, mara nyingi chini ya kiti cha nyuma. Katika magari mengi ya petroli ya aina hii husukuma mafuta kwa mkazo wa kiasi cha ba 3, yaani ratili 43 hivi kwa kila inchi ya mraba. Petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Dereva mwenye mazoea ya kutembea na tangi tupu, taa ya mafuta ikiwaka tangu asubuhi hadi jioni, huinyima pampu yake ubaridi na huiruhusu inyonye uchafu uliotuama chini. Isidhaniwe kuwa pampu hufa kwetu tu kwa sababu ya umasikini au mazoea mabaya. Mwaka 2020 kampuni ya Toyota iliyaita tena mamilioni ya magari yake duniani kwa sababu gurudumu dogo la plastiki lililomo ndani ya pampu liliweza kuvimba na kukwama. Kosa lilikuwa limeanzia kiwandani.

Namna ya kuyatambua maradhi

Tueleze sasa mpango wa fundi mzuri, jinsi tulivyouona ukifanywa na jinsi unavyoafikiana na elimu ya mitambo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini fundi mzuri hainami kabla ya kuuliza. Humuuliza dereva: Gari lilizimika ghafla au lilichoka kidogo kidogo? Linasumbua likiwa baridi au likishapata moto? Linasumbua kwenye tambarare au penye mlima? Majibu ya maswali haya huondoa nusu ya kazi. Gari linalotulia vizuri likiwa limesimama, likaenda vyema kwa mwendo mdogo, kisha likapata kwikwi pale tabo inapoanza kupuliza, halina njaa ya kudumu. Lina njaa ya wakati wa kazi nzito, na hiyo ndiyo alama ya mafuta yasiyotosha.

Hatua ya pili ni ya sikio. Dereva hufungua ufunguo bila ya kuwasha injini, na fundi husikiliza kwenye tangi. Katika magari mengi pampu huvuma kwa sekunde 2 hivi kisha hunyamaza. Ikiwa kimya, fundi hakimbilii kuitoa pampu. Huanza na fyuzi, akaenda kwenye rilei, kisha akapima kama umeme unafika kwenye waya wa pampu yenyewe. Umeme ukifika na pampu ikanyamaza, ndipo pampu inaposhitakiwa. Umeme usipofika, pampu haina kesi ya kujibu.

Hatua ya tatu ni ya kipimo. Pampu inayovuma si lazima iwe inafanya kazi. Mtu anaweza kuimba bila ya kuwa na sauti. Fundi hufunga geji kwenye njia ya mafuta na kusoma mkazo. Hutazama pia kama mkazo unabaki baada ya injini kuzimwa, kwani ukiporomoka mara moja upo mlango unaovuja. Kisha huujaribu mpira mwembamba unaokwenda kwenye kidhibiti cha mkazo. Katika magari mengi ya tabo ya aina hii, kidhibiti hicho hupata habari ya nguvu ya tabo kwa kupitia mpira huo, na mkazo wa mafuta hutakiwa upande sambamba na upepo wa tabo. Mpira ukipasuka, kidhibiti hakipati habari, na mafuta hubaki chini pale yanapohitajika juu. Mpira wa bei ndogo umeshasababisha pampu nyingi nzima kutupwa.

Hatua ya nne ni ya kiasi. Mkazo ni jambo moja na wingi ni jambo jingine. Fundi hupima mafuta yanayotoka katika muda maalumu, akayalinganisha na kipimo cha mtengenezaji. Yakipungua, hutazama kwanza chujio na uchafu wa tangi, ndipo aitazame pampu. Na kabla ya yote hayo hukagua mipira mikubwa ya hewa ya tabo, kwa maana hewa ikivuja gari huchoka vile vile, na mwenye haraka hudhani ni mafuta.

Magari ya dizeli yana utaratibu wake. Mengi katika Toyota za dizeli za zamani zilizozagaa kwetu hayana pampu ya umeme ndani ya tangi; pampu kubwa ya injini ndiyo inayonyonya mafuta yenyewe. Adui yake mkubwa ni upepo unaoingia kwenye mpira uliochoka. Fundi huibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio: ikikaza, njia imejaa mafuta, ikibaki laini hata baada ya kubonyezwa mara nyingi, gari linavuta upepo, na kazi ni kutafuta unapoingilia.

Tutoe mfano mmoja. Ofisi moja, ambayo hakuna haja ya kuitaja, ilikuwa na gari la petroli lenye tabo ambalo lilipata kwikwi kila lilipopanda Masingini. Lilipelekwa kwa watengenezaji, likabadilishwa pampu. Halikupona. Likabadilishwa pampu ya pili, na kwikwi ikabaki vile vile. Hatimaye dereva akalipeleka kwa mzee mmoja mwenye karakana ya chini ya mti, maeneo ya Amani. Mzee yule aliuliza maswali yake, akasikiliza, kisha akapima umeme mahali pawili wakati injini ikifanya kazi. Kwenye betri palikuwa na karibu volti 14. Kwenye pampu hapakufika volti 10. Akaufuata waya wa arthi hadi ulipofungwa kwenye bodi, akakuta umeliwa na kutu ya hewa ya chumvi. Akamwambia dereva: "Mwanangu, pampu hii haina kosa. Ina njaa." Akaukwangua mwisho wa waya kwa msasa, akaufunga upya na kuupaka grisi. Gari likapanda Masingini bila ya kwikwi. Pampu mbili zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha za umma, na maradhi yalikuwa ya msasa na grisi.

Matengenezo na adabu yake

Pale inapothibitika kuwa pampu ndiyo iliyokufa, kuibadilisha nako kuna adabu yake. Petroli iliyomo kwenye bomba ina mkazo hata injini ikiwa imezimwa. Fundi huondoa fyuzi ya pampu, huiwasha injini hadi ifikie kuzimika yenyewe, ndipo akafungua betri na kuanza kazi. Hufanya kazi penye hewa, mbali na sigara, jiko la mkaa na chuma cha kuchomelea. Husafisha juu ya mfuniko wa tangi kabla ya kuufungua ili mchanga usidondokee ndani. Tangi lenye kutu au takataka huoshwa, kwani pampu mpya katika tangi chafu ni mgonjwa mpya. Chujio hubadilishwa pamoja na pampu, na pete ya mpira ya mfuniko huwekwa mpya. Pampu inayowekwa lazima iwe na uwezo unaolingana na injini ya tabo. Ile ya gari la kawaida, ijapokuwa inaingia tunduni bila ya tabu, haitoshi kulisha moto unaovukutwa. Mwisho, geji hufungwa tena ili mkazo uthibitishwe. Fundi asiyepima baada ya kutengeneza amefanya nusu ya kazi.

Yaliyo hatarini

Ni dhahiri kuwa elimu hii ina thamani. Jamii iliitambua vizuri tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati umeme unaotoka Bara kwa waya wa baharini ulipokatika na Unguja ikakaa gizani kwa miezi mitatu. Majenereta yalijaa mijini na mashamba, na yalipozimika kwa mafuta machafu au kwa upepo kwenye mabomba, waliotafutwa ni watu wa spana. Walijua kutoa upepo, kusafisha chujio na kusikiliza.

Hata hivyo, mambo matatu yanaikabili elimu hiyo. La kwanza ni wingi wa spea za bei nafuu, nyingine za bandia. Pale ambapo uhaba ulimfunza fundi kutambua, wingi unamfunza kubahatisha: badilisha hiki, kikishindikana badilisha kile, na mwenye gari ndiye anayelipia masomo. La pili ni mashini za kusomea hitilafu. Tunazikaribisha, kwani ni macho mapya. Lakini mashini hutaja dalili, haitaji sababu. Itasema kwamba mafuta ni haba katika mchanganyiko. Haitasema kama uhaba huo umetokana na pampu, chujio, mpira uliopasuka au waya ulioliwa na chumvi. Anayebaki kuamua ni binadamu. La tatu, nalo ndilo linalotugusa zaidi sisi watu wa lugha, ni kwamba elimu hii haijaandikwa kwa Kiswahili, ilhali inaishi kwa Kiswahili.

Msomaji azitazame kauli za karakana. Fundi akisema gari halipandishi mafuta, ana maana kuwa mafuta hayafiki kabisa. Akisema linakata mafuta, ana maana kuwa yalikuwa yakifika kisha yakasita. Akisema lina kwikwi, ana maana kuwa yanafika na kupotea kwa zamu. Akisema linavuta upepo, amekwisha kukuonyesha upande wa kutafuta. Kauli hizi nne si maneno ya mzaha ya barabarani. Ni istilahi, na kila moja inatenga ugonjwa wake. Mabingwa wa lugha wamefanya kazi kubwa ya kukusanya msamiati wa bahari, kilimo na ushairi. Msamiati wa karakana unastahili heshima hiyo hiyo.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji gharama kubwa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kwa kushirikiana na vituo vya mafunzo ya amali na Taasisi ya Karume iliyoko Mbweni, lingeweza kukaa na mafundi wakongwe wa Amani, Mwanakwerekwe, Bububu na Pemba, kusikiliza na kuandika: jina la kila kifaa, kauli ya kila ugonjwa, na mpango wa kuutambua. Mwanagenzi wa karakana ya chini ya mti angepewa mtihani na cheti kwa yale anayoyajua, bila ya kubezwa kwa kuwa hakuyapata darasani. Na mwanafunzi wa darasani, wa kike na wa kiume, angetumwa kwa muda kwa fundi mkongwe ili apate sikio. Hapo kilemba kingerudi katika sura mpya: heshima ya taifa kwa aliyefunza.

Huenda pampu ya petroli yenyewe ikatoweka. Magari ya umeme yameshaanza kuonekana duniani, na hayo hayana tangi wala chujio la mafuta. Lakini yatakuwa na waya, na hewa ya chumvi ya Unguja haitaacha kuzila nyaya. Patahitajika mtu wa kuuliza kabla ya kuinama, kupima kabla ya kushitaki, na kuthibitisha baada ya kutengeneza. Mtu huyo haokotwi, hulelewa. Wazee wanaomjua jinsi ya kumlea wangali wapo katika mitaa yetu, na umri unakwenda. Kazi ya kuwasikiliza ni yetu, na wakati wake ni huu.